Kisulisuli kilichobeba ndege na kupasua mkia wake: uchambuzi wa kisa cha F/A-18

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha ndege ya kivita ya Marekani, F/A-18 ya toleo la kwanza, ambayo mapezi yake mawili ya mkia, yale yanayosimama juu nyuma ya ndege, yalianza kupata nyufa mapema mno. Majina ya wahandisi, marubani, vikosi, makampuni na namba za ndege moja moja nimeyaacha nje, maana hayaongezi kitu kwenye somo. Jina la ndege nimelibakiza kwa sababu umbo lake ndilo kisa chenyewe. Ndege hii inaweza kupita kasi ya sauti, lakini yote yanayosimuliwa hapa yalitokea chini ya kasi hiyo, mara nyingi chini sana, ndege ikiwa imeinua pua na kupiga kona kali.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Walioisanifu ndege hii hawakukijua kwa kubahatisha kisulisuli cha hewa kinachojiviringisha juu ya bawa lake. Walikitafuta, wakakipata, wakakitumia kwa ustadi. Kilichowapita ni kwamba hewa hiyo hiyo ina sura mbili: nguvu yake ya wastani, ambayo hubeba ndege, na mapigo yake ya kila sekunde, ambayo huchosha chuma. Walipima ya kwanza vizuri sana. Ya pili ilikuja kupimwa baada ya nyufa kuonekana.

Usuli: ulimi kwenye shina la bawa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilishindanisha ndege mbili za majaribio, YF-16 na YF-17, kutafuta ndege nyepesi ya kivita. Januari 1975 jeshi la anga lilichagua YF-16. Miezi michache baadaye jeshi la majini likachukua YF-17 iliyoshindwa, likaagiza ikuzwe na kuimarishwa ili iweze kutua juu ya manowari za kubebea ndege. Ndiyo ikawa F/A-18. Iliruka mara ya kwanza Novemba 1978 na kuanza kazi vikosini 1983.

Bawa la ndege hii halina mshazari mkubwa, yaani ukingo wake wa mbele haukulala sana kuelekea nyuma. Lakini pale linapoungana na kiwiliwili, kuna kipande chembamba kinachorefuka kwenda mbele mpaka karibu na chumba cha rubani, kikiwa na ukingo mkali na mshazari mkubwa sana. Hapa nitakiita ulimi. Kuna ndimi mbili, mmoja kila upande. Wazo lilitokana na ndege ya awali ya ukoo huo huo, F-5, ambapo ndimi ndogo kabisa ziliongeza nguvu ya kunyanyua kuliko udogo wake ulivyoashiria. Kwenye YF-17 wazo hilo likakuzwa.

Kazi ya ulimi huonekana ndege inapoinua pua. Pembe kati ya bawa na hewa inayokuja, nitakayoiita pembe ya mkabala, inapozidi kiasi, hewa iliyo chini ya ulimi haiwezi kukunja kona ya ukingo ule mkali. Inaachana nao. Kwenye bawa la kawaida kuachana huko ni habari mbaya: hewa hutawanyika, bawa linapoteza nguvu, na ndege inaanza kuporomoka. Kwenye ulimi wenye mshazari mkubwa, hewa iliyoachana hujiviringisha mara moja na kuwa kisulisuli kirefu, kilichokazwa, kinacholala juu ya ulimi na kuendelea nyuma juu ya bawa.

Ndani ya kisulisuli hicho shinikizo la hewa liko chini sana, hivyo sehemu ya juu ya ulimi na ya bawa inafyonzwa kwenda juu. Huo ndio mnyanyuo wa kisulisuli. Mwaka 1966 Edward Polhamus wa kituo cha Langley cha NASA, shirika la Marekani la anga, alionyesha njia rahisi ya kuukadiria. Katika fomula yake, mnyanyuo wa kawaida huongezeka takribani sambamba na pembe, lakini mchango wa kisulisuli hufuata mraba wa sini (sine) ya pembe. Kwenye digrii 5 hauna maana kubwa. Pembe ikizidi mara mbili, mchango unakaribia kuzidi mara nne. Ndiyo sababu ndege ya kawaida ya abiria haina haja nao, wakati Concorde, iliyokuwa ikitua pua ikiwa juu, iliutegemea kila ilipokaribia uwanja.

Ulimi una faida nyingine ambayo vitabu vingi huitaja kwa haraka. Kisulisuli kinapopita juu ya bawa kubwa kinachanganya hewa yenye kasi na ile iliyochoka karibu na uso wa bawa, hivyo bawa lenyewe linachelewa kupoteza nguvu. F/A-18 iliendelea kuongeza mnyanyuo mpaka karibu digrii 35 hadi 40, pembe ambazo bawa la kawaida lingekuwa limeshashindwa kitambo.

Mapezi mawili ya mkia nayo hayakuwekwa pale kwa bahati. Yako mbele kuliko ilivyo kawaida, kati ya bawa na mkia wa ulalo, yakiwa yameinama nje kwa digrii 20. Sababu ilikuwa nzuri: katika pembe kubwa kiwiliwili huziba hewa inayokwenda nyuma, na pezi moja lililosimama katikati lingejikuta kwenye hewa mfu. Mapezi mawili yaliyosogezwa mbele na kutenganishwa yangebaki kwenye hewa yenye nguvu, ile inayoletwa na visulisuli vya ndimi. Ndege ingeendelea kushika mwelekeo wake pale ambapo nyingine hupoteza. Na kweli ilishika.

Jambo moja zaidi kabla ya kuendelea. Kwenye YF-17 kulikuwa na nafasi ndefu kati ya ulimi na kiwiliwili. Wakati wa majaribio ya F/A-18 nafasi hizo zilizibwa kwa sehemu kubwa ili kupunguza ukinzani wa hewa. Sisemi kwamba kuziba huko ndiko kulikoleta nyufa. Nalitaja kwa sababu linaonyesha namna maamuzi yalivyokwenda: ulimi ulibadilishwa kwa hesabu ya ukinzani, nao ulikuwa ndio mtambo unaotengeneza hewa ya mkiani.

Kwa nini kisulisuli hutulia, na kwa nini hupasuka

Asiyefahamu sehemu hii atadhani nyufa zilikuwa kosa la chuma.

Kisulisuli cha ukingo wa mbele hutulia kwa sababu ya mshazari. Ukingo unazalisha mzunguko mpya kila wakati. Mzunguko huo ukikosa pa kwenda, kisulisuli kitavimba mpaka kijing'oe kwenye bawa na kuondoka, kisha kingine kianze. Hayo ndiyo hutokea kwenye bawa lililonyooka linapoinuliwa ghafla. Bawa likiwa na mshazari mkubwa, hewa inapata njia ya kutiririka kwa urefu wa kisulisuli, kutoka ncha ya mbele kwenda nyuma, na mtiririko huo unabeba mzunguko kama unavyozalishwa. Katika kiini cha kisulisuli hewa huweza kwenda kwa kasi inayofika hata mara mbili ya kasi ya ndege.

Lakini utulivu huo una kikomo. Kuelekea ukingo wa nyuma wa bawa shinikizo linaanza kupanda tena, na hewa ya kiini inalazimika kupanda nalo. Kama kisulisuli kinazunguka kwa nguvu kupita kiasi ikilinganishwa na kasi yake ya kwenda nyuma, kiini kinashindwa. Kasi ya katikati inaanguka ghafla mpaka karibu sifuri, kiini kinavimba, na ule uzi uliokuwa umekazwa unageuka kuwa mkanganyiko mpana. Hali hiyo ilionwa kwenye maji huko Ufaransa tangu 1954, na mwaka 1961 watafiti wa Uingereza walichapisha picha zinazoonyesha sura mbili za mpasuko kwenye mabawa ya pembetatu: moja kama povu, nyingine kama msokoto.

Sura ya msokoto ndiyo inayotuhusu. Kiini kilichopasuka hakitawanyiki ovyo tu. Kinapinda na kuzunguka kwa mpangilio, kikipiga kila kilicho nyuma yake kwa mapigo yanayokaribia kuwa na mwendo mmoja. Kasi ya mapigo hayo inategemea kasi ya ndege na ukubwa wa bawa. Kwa F/A-18 upana wa wastani wa bawa, kutoka mbele kwenda nyuma, ni kama mita 3.5. Ndege ikienda mita 100 kwa sekunde, hewa inavuka umbali huo mara 28 hivi kila sekunde, na mapigo ya mpasuko huja kwa kiasi cha nusu ya hapo, yaani kama 15 kwa sekunde. Namba hiyo ikumbukwe.

Pembe ya mkabala ikiongezeka, mahali pa kupasukia husogea mbele. Kwenye ndege hii, mpaka karibu digrii 20 mpasuko uko nyuma na mapezi yanafurahia kisulisuli kilicho kizima. Pembe inapokaribia digrii 25 mpasuko umeshapita mbele ya mapezi. Ikizidi 30, uko juu ya bawa, ukielekea kwenye ulimi wenyewe. Kuanzia hapo mapezi hayaogi tena kwenye hewa yenye nguvu na mpangilio. Yanapigwa nayo.

Wakati huo huo mnyanyuo unaendelea kupanda. Grafu ya mnyanyuo dhidi ya pembe haina kona wala shimo pale mpasuko unapovuka mapezi. Ukiwa na grafu hiyo peke yake mezani, digrii 30 ni mahali pazuri pa kuwa.

Yaliyotokea

Ndege zilipoingia vikosini marubani walifanya kile ambacho zilitengenezewa: kona kali, pua juu, kasi ikishuka, katika mazoezi ya mapambano ya karibu. Kwa hiyo zilitumia muda mwingi katika pembe ambazo mpasuko uko mbele ya mapezi.

Mwaka 1984, ndege zikiwa bado changa, wakaguzi walikuta nyufa kwenye mizizi ya mapezi, pale yanapofungwa kwenye fremu za kiwiliwili. Kwa chuma cha ndege, kuanza mapema namna hiyo ni ishara kwamba mzigo halisi haufanani na uliokadiriwa. Chuma kilichokosewa hesabu ya nguvu ya juu kabisa hukatika mara moja, siku ya mzigo mkubwa. Hapa hakuna kilichokatika. Palikuwa na nyufa ndogo zilizokua taratibu, na hiyo ni alama ya uchovu: mzigo wa kadiri uliorudiwa mara nyingi mno, kama waya unaokunjwa huku na huku mpaka uachane.

Vipimo vya mtetemo vilitoa jibu. Pezi la F/A-18, kama kila kipande kirefu kilichofungwa upande mmoja, lina mitetemo yake ya asili. Wa kwanza ni kupinda kushoto na kulia, kama mara 15 kwa sekunde. Mwingine ni kujisokota, kama mara 45 kwa sekunde. Wa kwanza ulikuwa umekaa sawasawa mahali ambapo mapigo ya kisulisuli yanaangukia katika kasi na pembe za mapambano. Hewa ilikuwa inalisukuma pezi kwa mwendo ambao pezi lenyewe lilitaka kwenda. Kwenye ncha za mapezi mchapuko uliopimwa ulizidi mara mia moja ya ule wa uvutano wa dunia, wakati rubani kwenye kiti chake alikuwa anahisi mara sita au saba.

Hesabu ya haraka inatosha kuonyesha ubaya wake. Mitetemo 15 kwa sekunde ni 900 kwa dakika. Kona moja kali hulipinda pezi mara moja. Kukaa nusu dakika katika pembe mbaya hulipinda mara 450.

Maamuzi, na kwa nini yalichukuliwa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuwawekea marubani mipaka ya pembe na kuongeza ukaguzi. Kama hatua ya dharura ulikuwa sahihi, na ulichukuliwa haraka. Haukuweza kuwa jibu la kudumu, kwa sababu uliinyima ndege kile hasa ilichonunuliwa kufanya.

Wa pili ulikuwa kuimarisha mzizi wa pezi kwa kuongeza vipande vya chuma pale nyufa zilipoonekana. Ni dawa ya kawaida ya mhandisi wa miundo na ilisaidia. Lakini kuimarisha hakuondoi nguvu inayoingia. Pezi likikazwa chini, mzigo unatafuta sehemu inayofuata iliyo dhaifu, juu zaidi kwenye pezi au ndani zaidi kwenye fremu za nyuma. Ndege inaongezeka uzito na orodha ya sehemu za kukagua inarefuka.

Kusogeza mapezi lilikuwa jibu la kwenye karatasi. Mamia ya ndege yalikuwa yameshatengenezwa au kuagizwa, na mapezi yalikuwa pale kwa sababu njema: kuyaondoa kwenye njia ya kisulisuli kungeondoa pia uthabiti wa ndege katika pembe kubwa.

Ikabaki njia ya tatu, kukigusa kisulisuli chenyewe. Kuanzia 1988 ndege ziliwekewa kibao kimoja cha wima juu ya kila ulimi, karibu na pale ulimi unapokutana na bawa. Kina urefu wa kama sentimita 80 na kimo cha kama 20. Anayetazama picha ya F/A-18 ya miaka ya 1990 atakiona mara moja, kimesimama kama kitu kilichosahauliwa na fundi.

Watu wengi hudhani kibao kinazuia kisulisuli kisifike mkiani, au kinasukuma mpasuko urudi nyuma. Mahali pa kupasukia hapabadiliki sana. Kinachobadilika ni ubora wa kisulisuli kabla hakijapasuka. Kibao kinazalisha kisulisuli kingine kidogo, hicho kinaingiliana na kile kikubwa, na matokeo yake ni mzunguko mpana zaidi usiokazwa sana. Unapopasuka, nguvu yake imetawanyika, na sehemu inayoangukia kwenye mtetemo wa asili wa pezi imepungua. Katika pembe ndogo kibao hakina athari kubwa. Ndiyo maana rubani hakupoteza mengi.

Nakiri kwamba napenda dawa hii kuliko ubunifu mwingi wa kisasa. Haina mota, haina programu, haina kitu cha kuharibika. Lakini tuseme ukweli: ilikuwa ni kukiharibu kidogo, kwa makusudi, kile kilichokuwa kimetengenezwa kwa ustadi mkubwa.

Kukitazama kisulisuli angani

Kati ya 1987 na 1996 NASA ilirusha F/A-18 moja iliyogeuzwa kuwa maabara, kutoka kituo chake cha Dryden katika jangwa la California. Iliruka mara 385. Katika awamu ya kwanza ilifika digrii 55. Baadaye iliwekewa makasia ya chuma kisichoyeyuka kwa urahisi nyuma ya injini, matatu kila injini, ya kuelekeza moshi wake, na ikaweza kudhibitiwa mpaka digrii 70.

Namna walivyokionyesha kisulisuli inastahili kuelezwa kwa kituo. Karibu na ncha ya mbele ya ulimi palikuwa na tundu la kutolea moshi. Rubani alipofika pembe iliyotakiwa, moshi ulifyonzwa moja kwa moja kwenye kiini, na kamera zilizofungwa kwenye ndege zilirekodi uzi mweupe ulionyooka juu ya ulimi uliopakwa rangi nyeusi, mpaka mahali fulani ambapo uzi ulifumuka kwa ghafla na kuwa wingu. Mahali hapo ndipo mpasuko. Haukutulia sehemu moja: ulikwenda mbele na nyuma huku kamera zikiendelea. Kwa uso wa ndege walitumia njia nyingine. Kimiminika kinachokauka upesi, kilichotiwa rangi nyekundu, kilivujishwa kupitia matundu madogo rubani akiwa ameishika ndege katika pembe moja. Kilitambaa kufuata hewa, kikakauka, na baada ya kutua wahandisi walitembea kuizunguka ndege wakipiga picha michirizi iliyobaki.

Ndege nzima ya ukubwa halisi iliwekwa pia kwenye handaki la upepo la kituo cha NASA cha Ames, lenye mdomo wa futi 80 kwa 120. Hapo mapezi yalipimwa shinikizo pande zote mbili, yakiwa na kibao na yakiwa bila kibao. Yaliyokuwa yakikisiwa kutokana na modeli ndogo yakathibitika kwenye ndege yenyewe: kibao kilipunguza mapigo kwa kiasi kikubwa, na hakikuyamaliza.

Matokeo

Nyufa za mizizi zilidhibitiwa, mipaka ya dharura ikalegezwa, ndege ikaendelea kuruka kwa miongo. Lakini umri wa mapezi ulibaki swali wazi, hasa kwa nchi zilizonunua ndege chache na kutaka zidumu. Canada ilikuwa imenunua 138, Australia 75. Namna marubani wao walivyozitumia ilitofautiana na ile iliyokadiriwa kwenye usanifu, na jaribio la awali la uchovu lililofanywa na mtengenezaji halikuwa limebeba mapigo ya mkiani kama yanavyotokea kweli.

Nchi hizo mbili zikagawana kazi. Canada ilichukua sehemu ya katikati ya kiwiliwili na bawa, Australia ikachukua sehemu ya nyuma na mkia. Huko Melbourne ilijengwa fremu kubwa ya majaribio yenye ugumu wa aina yake. Mzigo wa kona, ambao hubadilika polepole, uliwekwa kwa mifuko ya hewa iliyosukuma mapezi na mkia. Juu ya mzigo huo huo, kwa wakati huo huo, mashine zenye nguvu za kutikisa ziliongeza mtetemo wa mara 15 na mara 45 kwa sekunde. Mifuko ya hewa ilichaguliwa kwa sababu ni laini: mikono ya chuma ya haidroliki ingelishika pezi na kuharibu mitetemo yake ya asili. Jaribio hilo lilikwenda kwa miaka kadhaa na ndilo lililoiambia Australia sehemu gani zikaguliwe lini. Ndege zake zilistaafu 2021.

Kwenye fremu hiyo hiyo lilijaribiwa pia wazo la kubandika kwenye pezi vipande vinavyojikunja vikipewa umeme, ili vipingane na mtetemo. Vilifanya kazi. Vilihitaji pia nyaya, umeme mwingi na kompyuta ya kuviongoza, na kibao ndicho kilichoendelea kwenda angani.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa nakianza na uamuzi wa ndimi zenyewe. Ni rahisi kusoma kisa hiki kama hadithi ya wazo baya, na sivyo. Bila visulisuli vile ndege isingeweza kupiga kona zake, na mapezi yasingefanya kazi katika pembe ambazo yalifanya. Uamuzi wa kuyaweka mapezi ndani ya hewa hiyo ulitetewa na kila kipimo cha uthabiti. Anayeulaumu leo anapaswa kusema angeyaweka wapi.

Kilichoshindwa ni mpangilio wa maswali. Modeli ya handaki la upepo inayotumika kupima mnyanyuo na uthabiti kwa kawaida ni ngumu, imefungwa kwenye mizani inayosoma nguvu za wastani. Modeli kama hiyo haina njia ya kuonyesha pezi linalopinda mara 15 kwa sekunde, kwa sababu pezi lake halipindi na mizani yake haisomi haraka hivyo. Data iliyopatikana ilikuwa kweli tupu, na ilijibu swali la mtaalamu wa hewa. Swali la mtaalamu wa miundo lilihitaji modeli nyingine, yenye vipima shinikizo vya haraka pande zote mbili za pezi, katika kila pembe kutoka 20 mpaka 40. Watu hawa wawili mara nyingi hukaa ofisi tofauti, na anayekabidhi grafu laini hafikirii kwamba mwenzake angetaka kuona kelele alizozichuja.

Kosa hili halikuwa la mradi huu peke yake. F-15, iliyoruka kwa mara ya kwanza 1972, nayo ina mapezi mawili yaliyo kwenye njia ya hewa chafu ya pembe kubwa, nayo yalisumbuka kwa mtikiso. Dalili ilikuwepo kwenye ndege nyingine ya nchi hiyo hiyo kabla F/A-18 haijaondoka ardhini. Hapo ndipo ninapokuwa mkali zaidi katika kisa hiki. Kutojua fizikia ya mpasuko mwaka 1975 kunasameheka kwa sehemu, maana hata leo kutabiri kwa kompyuta mahali hasa pa mpasuko ni kazi ngumu. Kuendesha jaribio la uchovu la mkia bila mtikiso, wakati mkia umewekwa kwa makusudi ndani ya kisulisuli, ni jambo jingine.

Kuhusu mfululizo wa dawa, naona kuimarisha mzizi kabla ya kugusa hewa kulieleweka lakini kulichelewesha. Ufa unaonekana kwenye chuma, kwa hiyo fundi wa chuma ndiye huitwa kwanza. Miaka minne ilipita kati ya nyufa za 1984 na kuanza kufungwa kwa vibao. Ufa wa uchovu kwenye sehemu ngeni na changa unapaswa kumwita mtaalamu wa hewa siku hiyo hiyo, kwa sababu idadi ya mizunguko iliyohitajika kuuleta haiwezi kutoka kwenye kona za rubani pekee. Nyingine zimetoka kwenye hewa.

Upande wa kibao wenyewe, lazima mtu ajihadhari na kukinakili. Kinafaa pale kilipo, kwenye ulimi wa umbo lile, mbele ya pezi lenye mtetemo ule. Kikisogezwa kidogo, au kikawekwa kwenye bawa la mshazari mwingine, kisulisuli chake kidogo kinaweza kukutana na kile kikubwa kwa namna tofauti kabisa na kuongeza mapigo badala ya kuyapunguza. Dawa hii ilipatikana kwa majaribio mengi juu ya umbo moja. Hakuna fomula iliyoizalisha, na kwa hiyo hakuna fomula ya kuihamisha.

Matoleo ya baadaye, F/A-18 E na F, yaliyoanza kuruka Novemba 1995, yanalionyesha hilo. Ni ndege kubwa zaidi, na ndimi zake zimekuzwa kwa karibu theluthi moja. Zilisanifiwa mtikiso wa mkia ukiwa tayari ni mzigo unaofahamika, na hazina kibao.